Ripoti Kuhusu Boya Namba Kumi na Saba

Maureen Garrod alinipa chupa ya chai na daftari,
akanituma mtoni nikakae mpaka nimjue mkosaji.
Daktari wa meno wa Ipswich ameleta barua ya tatu:
mashua yake, Constance, imechubuliwa ubavuni,
na jirani yake, Pipit, kimashua cha mbao,
hakina mwenyewe wa kujibu tangu Pasaka ya mwaka jana.

Saa moja asubuhi, Waldringfield. Mto Deben unajaa.
Nafunga kihori changu kwenye boya tupu.
Mashua sitini na kitu, zote omo kusini,
safu kwa safu, kama watu wa kibla kimoja.
Maji yanapanda kutoka baharini,
upepo watoka kusini-magharibi,
na maadamu wawili hao wanasukuma upande mmoja
hata mimi naweza kuitwa nahodha.
Naandika: Saa mbili. Amani.
Saa tatu na nusu. Amani. Bata mmoja.

Saa nne maji yakasimama,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Minyororo ikalegea, ikalala topeni.
Mashua zikaanza kutazamana.

Bendera hufuata upepo, tulifundishwa.
Maji hufuata mkondo, tukafundishwa pia.
Mashua iliyofungwa, hilo mwalimu alituachia.

Constance ana mkuku mrefu, tani mbili za risasi.
Mto ulipoanza kupwa ulimshika mguu, huko chini gizani,
akageuka polepole kama mama anayetafuta miwani,
omo ikaelekea Woodbridge,
upepo ukimpiga tezi, naye hana habari.

Pipit hana mguu wa kushikwa.
Ubao wake wa katikati umevutwa juu tangu Pasaka ile,
tumbo limekaa juu ya maji kama sahani;
kwake mto ni uvumi tu.
Akabaki kuutazama upepo,
mara kulia, mara kushoto,
kama anayebisha kwenda joshi bila tanga,
akivuta kamba yake kama mbuzi aliyeona mahindi.

Saa tano kasorobo wakagusana.
Sauti ndogo: ko.
Mgeni mwenye haya mlangoni.
Kisha tena, ko,
tezi la huyu, bega la yule.
Nilikuwa nimeshika kalamu tayari kwa kosa.
Nikaona wawili, kila mmoja kwenye boya lake,
kila mmoja akimtii bwana wake kwa moyo wote,
na rangi ikibanduka.

Jumapili nilizungumza na kaka yangu Nehemia
kuhusu kiwanja cha mama kule Mpwapwa.
Yeye yuko pale, wanunuzi wanampigia hodi usoni;
mimi niko huku, navutwa na kitu
ambacho sikuweza kumtajia jina.
Hatukutukanana.
Ko, ko, mpaka salio likaisha.

Ndipo nikakitazama kihori changu.
Hakikuelekea Woodbridge, hakikuelekea upepo,
kilikaa mshazari, kimenuna,
kwa sababu ya mgongo wangu:
koti la mvua lilikuwa limejaa kama tanga.
Nikainama kumwaga makapi ya chai,
kikafuata mto.
Nikaketi wima, kikarudi.
Nikainama tena, makusudi.
Nilicheza hivyo muda gani sikuandika.

Ripoti ni hii.
Mnyororo wa Constance, mita kumi. Wa Pipit, kumi na mbili.
Kati ya maboya, mita kumi na nane.
(Nimepiga hesabu mara mbili; shuleni sikuwa mtu wa hesabu.)
Kamba ya Pipit ipunguzwe.
Ubao wake ushushwe, naye auonje mto.
Kopo la rangi ya buluu ni pauni kumi na nne,
na brashi ninayo.

Maureen alisoma akiwa amesimama.
"Na mkosaji?"
Nikamrudishia chupa.